Msonyo wa Sekunde Nne na Nusu

Mtu anayesema msonyo ni sauti ndogo hajawahi kusonywa na Mama Mkubwa. Kwa miaka thelathini na miwili mwanamke yule alisimamia dobi la hospitali, chumba cha kufulia chenye mvuke na mashine sita zinazonguruma tangu asubuhi, mahali ambapo ukitaka kumwita mwenzako lazima umguse bega. Yeye hakumgusa mtu. Alisimama mlangoni, akabana ulimi nyuma ya meno, akavuta hewa, na mfanyakazi aliyekunja shuka ovyo kule mwisho wa chumba akaikunjua mwenyewe na kuanza upya. Hata daktari mkuu, akileta koti lenye wino mfukoni, alilitua mezani na kuondoka upesi kabla hajasikia kitu.

Wengi wetu tunasonya kwa pupa, mara moja, basi. Msonyo wa Mama Mkubwa ulikuwa na sehemu tatu. Kwanza mwanzo mzito, wa mate, wa mtu aliyekuona tangu unakuja. Kisha uzi mrefu mwembamba ambao ulikupa nafasi ya kukumbuka makosa yako yote. Mwisho midomo iliachana, na pengo la upande wa kushoto, alipong'olewa jino akiwa msichana, likapiga kifilimbi kidogo. Mtaa mzima ulikijua kifilimbi kile. Kinyozi wa pale kwenye kona alikijua, muuza mkaa alikijua, na wale vijana wazee wanaoshinda kwenye benchi la kinyozi bila nywele za kunyolewa walikijua kuliko jina lao.

Aliyekijua zaidi ni binti wa marehemu mdogo wake, ambaye kila mtu anamwita Fundi. Alifika kwa Mama Mkubwa akiwa na miaka sita na mfuko mmoja wa nguo, akalelewa kwa chakula, vitabu vya shule na misonyo. Leo ana miaka ishirini na tisa na anatengeneza mafriji. Anayatengeneza kwa sikio. Mafundi wengine hufika na vipimo, wakafungua huku na kule, yeye huegemeza shavu kwenye ubavu wa friji, akafumba macho, akasema, "Kompresa ni nzima. Feni inagusa," nayo kweli inagusa.

Kazi hiyo inamlisha. Lakini kinachomwamsha ni kingine. Katika chumba cha uani ana kompyuta isiyo na herufi M, spika mbili zisizofanana, na muziki anaoutengeneza mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Nasema tangu mwanzo kwa sababu hapo ndipo ugomvi wake na dunia ulipo. Hawezi kuvumilia zile sauti za kupakua mtandaoni, ngoma elfu moja ndani ya faili moja, ambazo kila mwenye kompyuta anazo. "Ngoma ileile," husema kwa hasira, "imebadilisha shati tu." Yeye sauti huzifuata kwa miguu yake. Kwenye mfuko wa bisibisi kuna kinasa sauti, saizi ya kipande cha sabuni. Amenasa mpira wa mlango wa friji ukibanduka, akaupunguza kasi hadi ukawa besi inayotikisa vikombe. Amenasa barafu ikipasuka kwenye beseni, stepla ya karani wa zahanati, kifuniko cha friji la samaki kikianguka. Kila sauti huiandikia jina lake kamili, mahali ilipotoka na hali yake: "Friji la bucha, asubuhi, linaomba gesi."

Kwa hiyo alasiri moja alikuwa sebuleni akinasa bawaba ya mlango wa mbele. Ilikuwa na mlio mzuri, wa chini kisha wa juu, naye alikuwa ameweka kinasa sauti dirishani, anafungua mlango na kuufunga, anafungua na kuufunga.

"Utaung'oa huo mlango," alisema Mama Mkubwa kutoka kwenye kiti chake.

"Mara ya mwisho, Mama."

"Mara ya mwisho umeisema mara nane."

Kabla Fundi hajajibu, mtu alipiga hodi. Alikuwa Baba Mkubwa. Mume wa Mama Mkubwa, aliyetoka nyumbani miaka ishirini na moja iliyopita kwenda kuangalia kiwanja na tangu hapo hakuwahi kuleta habari za hicho kiwanja. Alisimama kizingitini na shati lililopigwa pasi, begi mkononi, nywele zimepakwa rangi nyeusi hadi kwenye ngozi ya paji la uso. Walisikia kwamba ana nyumba nyingine, halafu nyingine. Sasa hakuna aliyekuwa anamtaka, hilo lilionekana kwenye begi.

"Mke wangu," akasema, kwa sauti ya upole aliyokuwa ameifanyia mazoezi njiani. "Nimechoka kutangatanga. Nimekuja tuzeeke pamoja."

Mama Mkubwa hakuinuka. Alimtazama kuanzia viatu hadi kwenye ile rangi. Kisha akasonya.

Wala haukuwa msonyo wa kule dobi. Miaka ishirini na moja ilikuwa mle ndani, na homa za mtoto asiye wake alizokesha nazo, na wanawake wa kanisani waliomuuliza bwana anaendeleaje wakijua fika. Baba Mkubwa alifungua mdomo katikati ya uzi, akaufunga. Kifilimbi kilipolia alikuwa ameshageuka. Bawaba ikalia, mlango ukafungwa.

"Haya," alisema Mama Mkubwa, "mlango wako umepata kazi ya maana."

Walicheka hadi wakashika mbavu. Fundi alikumbuka kinasa sauti alipokwenda kulala. Aliusikiliza ule msonyo kwa visikizio, akaupima: sekunde nne na nusu. Akauandika: "Mama Mkubwa, mlango wa mbele, alasiri, anamkataa." Hakumwambia mwenyewe. Kwa nini amwambie? Alikuwa na sauti mia nne na hakuwahi kuiambia hata moja kwamba ameichukua.

Miezi mitano baadaye kiharusi kilimkuta Mama Mkubwa akichuja chai. Mguu wa kushoto ulirudi kidogo kidogo kwa mazoezi na fimbo. Maneno yalirudi yakiwa mazito, yanaburuta. Mdomo haukurudi, upande wa kushoto ulibaki umelegea. Siku ya tano hospitalini muuguzi alimwita "bibi kizee" na kumvuta shuka bila kuomba radhi, shuka alizozisimamia yeye miaka thelathini na miwili. Mama Mkubwa akabana ulimi, akavuta hewa. Hewa ikavuja. Mate yakamtiririka kidevuni, na muuguzi akayapangusa kwa huruma, jambo lililokuwa baya kuliko ile shuka. Alilia siku hiyo. Fundi alikuwa hajawahi kumwona akilia, na alijua halii kwa ajili ya mguu.

Basi ule msonyo kwenye kompyuta ukawa ndio pekee uliobaki duniani. Mtu mwenye akili angeuficha. Fundi alikuwa na akili, lakini alikuwa pia na majivuno, na majivuno hayana kufuli. Prodyuza mmoja wa mjini alimtafuta wafanye wimbo pamoja. Alikuwa amesikia ile besi ya mpira wa friji na kusema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Nani hapendi kuambiwa hivyo? Fundi alimpelekea flashi yenye sauti arobaini, na alipokuwa anazipanga aliuongeza ule msonyo kwa mkono wake mwenyewe. "Sikiliza hii," alimwambia. "Hii huipati popote." Prodyuza akasikiliza, akapiga makofi, akasema ni hatari. Wimbo wenyewe haukuendelea. Flashi haikurudi.

Zikapita wiki. Kisha Mama Mkubwa, anayetoka kila asubuhi na fimbo yake hadi kwenye kona na kurudi kwa amri ya daktari, alianza kurudi amenuna.

"Hawa watu wa kwa kinyozi wana nini?" aliuliza. "Wananifanyia hivi." Akajaribu kubinua midomo, upande mmoja ukakataa.

"Wanakufanyia nini?"

"Wananipiga busu. Nikipita. Wote." Akaketi taratibu. "Wananicheka mdomo."

Damu ya Fundi ilichemka. Alitoka vilevile na ndala moja mbovu, akamkuta kinyozi na mashine mkononi na kichwa cha mteja kimenyolewa nusu.

"Mnamcheka mgonjwa? Mtu aliyekufulia shuka wewe ulipolazwa na tumbo?"

"Tulia, Fundi, ni utani tu," kinyozi alisema. "Mama yetu amekuwa staa. Sisi tunampongeza." Na wale wa kwenye benchi wakabinua midomo kwa pamoja, mwaa, wakaangua kicheko. Hakuwaelewa. Aliwatukana matusi yote aliyoyajua pamoja na mawili aliyoyatunga papo hapo, akarudi nyumbani, na Mama Mkubwa asubuhi iliyofuata hakutoka. Wala iliyofuata. Mguu ukaanza kukaza tena.

Siku ya nne Fundi alikuwa kwenye bucha, kichwa na mabega ndani ya friji la zamani la muuza nyama, anabana skrubu za feni. Redio ya muuza nyama ilikuwa juu ya kaunta. Kikaja kicheko cha msichana, na sauti ya mwanamume laini kama mafuta: "Mpenzi, leo unanukia upya!" Muziki kidogo. Halafu busu, refu na tamu, likimalizikia kwa kifilimbi kidogo. Halafu jina la dawa ya meno.

Fundi aligonga kisogo kwenye chuma. Hakusikia maumivu. Sikio linalojua feni inayogusa halihitaji kusikia kitu mara mbili. Midomo ile ikiachana aliijua tangu ana miaka sita. Mtu alikuwa amechukua msonyo, akautupa mwanzo, akautupa uzi, akabakiza kile kipande cha mwisho ambapo midomo inafunguka na hewa inaingia. Na kipande hicho peke yake, kikipakwa mwangwi kidogo, ni busu. Mtaa nao ulikuwa umekitambua kifilimbi kabla yake. Walikuwa wamesonywa nacho maisha yao yote, sasa redio iliwaambia kwamba walikuwa wanabusiwa.

Alibana skrubu mbili kati ya nne. "Nyama yangu!" muuza nyama alimfokea mgongoni. "Itasubiri," Fundi akajibu bila kugeuka.

Studio ya Prodyuza ni chumba kimoja juu ya duka la rangi, kuta zimebandikwa trei za mayai, kiti cha kuzunguka na zulia linalonuka soksi. Prodyuza alizunguka na kiti chake, akafurahi kumwona.

"Dada! Umesikia kazi yetu?"

"Yetu na nani?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Ile ni sauti ya mama yangu."

"Ndiyo, ile ya kwenye flashi. Nzuri sana. Hawa watu wa dawa ya meno walikataa mabusu kumi na mawili, dada. Ya wasichana wazuri kabisa. Yote yalisikika ya uongo. Nikakumbuka yako, nikakata pale mbele palipokuwa na makelele—"

"Makelele?" Fundi aliushika ukingo wa meza. "Hayo makelele ndiyo yenyewe! Wewe umekata mtu, umebakiza mdomo. Unajua alikuwa anamsonya nani? Unajua alikuwa anasema nini?"

"Hakusema kitu, dada. Alisonya."

Kuna watu wanaomudu kukukasirisha bila hata kujaribu, nao huwa na kiti cha kuzunguka. Fundi alimwambia aliondoe tangazo. Prodyuza alimwambia limekwenda redio tatu, hana mkono wa kulitoa hewani. Akamwambia wamwombe radhi mama yake. Prodyuza akakuna kidevu, na sasa hata yeye alikuwa ameanza kukasirika.

"Nikuulize, dada. Wewe friji za watu unazirekodi. Milango ya watu, stepla za watu. Unaomba ruhusa?"

"Friji haina mtaa wa kuicheka."

"Sawa. Na huyo mama? Yeye ulimwomba?"

Spika zilikuwa zinavuma taratibu, mvumo wa waya mbovu. Hata hapo sikio lake lilikuwa linajua ni waya gani. Hakuna hasira inayouma kama ile unayomwendea mtu nayo halafu akakugeuzia ncha. Alichomoa flashi yake kwenye kompyuta bila kufunga faili lolote, akashuka ngazi huku akimchukia Prodyuza kwa yote aliyofanya, na kumchukia zaidi kwa lile swali moja ambalo lilikuwa la haki.

Nyumbani Mama Mkubwa alikuwa kwenye kiti chake, dirisha limefungwa ili asiwasikie wa kwenye kona. Redio aliizima kila matangazo ya biashara yalipoanza, hakuwahi kuyapenda. Fundi alipiga magoti mbele yake.

"Mama, hawacheki mdomo wako."

"Wanacheka nini?"

Alimweleza. Hakupunguza kitu: kinasa sauti dirishani siku ile ya bawaba, jina la faili, majivuno yake, flashi, dawa ya meno. Mama Mkubwa alisikiliza hadi mwisho, jicho la kulia limekaza, la kushoto limelegea.

"Kwa hiyo," alisema polepole, akiliburuta kila neno, "mimi nilimfukuza yule mwanamume, na wewe ukanifanya nimbusu."

"Si mimi niliye—"

"Nani alinichukua?"

"Mimi, Mama."

"Ulisema?"

"Sikusema."

Kisha Mama Mkubwa akanyoosha mkono wa kulia. "Nisikie."

Fundi alikileta kinasa sauti, akautafuta ule wenyewe, mzima, akabonyeza. Bawaba ikalia. Ikaja ile sauti ya mazoezi, "tuzeeke pamoja." Halafu mwanzo mzito, halafu uzi, unavutwa na kuvutwa, halafu kifilimbi. Mama Mkubwa alifumba macho. Alikuwa ametoa maelfu ya misonyo na hakuwahi hata siku moja kusimama upande wa mbele wa mmojawapo.

"Ndivyo nilivyokuwa?"

"Ndivyo."

"Nionyeshe pa kubonyeza. Nisianze na mlango. Nianze na mimi."

Fundi alikata pale mwanzo, akaliacha faili lianze na ulimi nyuma ya meno, akapandisha sauti hadi mwisho. Mama Mkubwa alijaribu kidole gumba mara mbili, akachukua fimbo.

"Twende kwa kinyozi."

Walikwenda polepole, mguu ulikuwa umekaza kwa siku tatu za kukaa. Benchi lilikuwa limejaa. Walipomwona, kinyozi alisimamisha mashine na kubinua midomo, na wenzake wakabinua. Mama Mkubwa alisimama mbele yao, akaegemea fimbo, akamtazama kinyozi kuanzia viatu. Akanyanyua kinasa sauti hadi usawa wa mdomo wake uliolegea, akabonyeza.

Sekunde nne na nusu ni nyingi mno mtu akiwa amebinua midomo. Mteja aliyekuwa kwenye kiti aliinama kana kwamba amesahau kitu miguuni. Katikati ya uzi kinyozi alirudisha midomo yake mahali pake, na kifilimbi kilipolia alikuwa anatazama sakafu yenye nywele.

"Shikamoo, Mama," akasema.

Hakujibiwa. Mama Mkubwa akageuka. Njiani aliusimamia mguu vizuri kuliko wakati wa kwenda, na Fundi, aliyemshika kiwiko, alijikuta anacheka peke yake, mzigo umemtoka kifuani. Yamekwisha, aliwaza. Kesho atamrudia Prodyuza akiwa na maneno bora zaidi. Na muuza nyama alikuwa anasubiri skrubu mbili, na lile friji lake, sasa kwa kuwa linakaribia kufa kweli, lilikuwa na mlio aliotaka kuuwahi jioni hiyo.

Alimkalisha Mama Mkubwa kwenye kiti, akafungua dirisha, akanyoosha mkono.

"Haya Mama, nipe hicho kidude niende kazini."

Mama Mkubwa alikitazama kile kiganja. Akamtazama mwenye kiganja kuanzia kwenye ndala mbovu, akapanda taratibu hadi machoni, kama alivyowahi kufanya mara moja tu mbele ya mlango ule. Akanyanyua kinasa sauti hadi mdomoni. Akabonyeza.

Fundi alibaki amenyoosha mkono, akausikiliza wote, mwanzo, uzi na kifilimbi, kwa sababu safari hii ulikuwa wa kwake. Kisha akaokota mfuko wa bisibisi, akaenda kumalizia lile friji bila kinasa sauti.